Ratiba ya Mabakuli Matatu

Jumatatu, 3 Machi

Jemadari karudi nyumbani. Siku tatu kwa daktari wa mifugo, na amerudi amenyolewa mguu mmoja tu wa mbele. Amekasirika. Nimemwambia hata mimi nisingependa.

Maelezo ya daktari: mkojo wake una chembe kama mchanga. Chembe zikijikusanya, njia inaziba. Njia ikiziba, paka dume ana siku moja, pengine mbili, kisha basi. Kwa hiyo kuanzia leo ni chakula cha dawa tu, punje ndogo za rangi ya udongo, na maji kwa wingi. Kingine chochote ni marufuku.

Nikauliza, paka wangu wengine wawili je? Si wale hizo hizo punje, tumalize maneno? Akasema la. Pilipili bado anakua, hazimfai. Bi Mkubwa ana miaka kumi na sita na figo zake zimechoka, hazimfai kabisa. Kila mmoja na bakuli lake, na asiwepo wa kudokoa la mwenzake.

Akauliza pia nani mwingine anaishi nyumbani, ili naye aelezwe. Nikasema hakuna. Akaandika kwenye kadi. Sikuona haja ya kuandika.

Hamna neno. Nimepanga ratiba ya shule miaka thelathini na mmoja. Madarasa ishirini na nne, maabara moja, mwalimu wa fizikia mmoja, tena mwenye mgongo mbovu. Nishindwe na paka watatu? Thubutu! Nimekwisha kuchora ratiba kwa rula na kalamu mbili, nyekundu na buluu. Vipindi vitatu, asubuhi na jioni. Nimeibandika mlangoni mwa jokofu na nimeitazama mara kadhaa. Ni kazi safi, mwenyewe nasema.

Jioni nimekula samaki wa kukaanga. Jemadari alikaa kwenye kiti cha mbele yangu, kile cha marehemu mke wangu, kama tulivyozoea miaka miwili hii. Alimtazama samaki, akanitazama mimi, kisha akageukia dirishani kistaarabu. Nikampa kipande, hakizidi ukucha. Hicho hakihesabiki kuwa chakula. Ni adabu ya mezani.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu ya kengele. Ninayo ile ya mkononi niliyopewa siku ya kustaafu, ya shaba, yenye mpini wa mti. Mlio mmoja, Bi Mkubwa. Miwili, Pilipili. Mitatu, Jemadari. Wanafunzi elfu moja na mia mbili waliielewa kengele yangu, tena wengine walikuwa wajinga wa kutupwa.

Saa moja kamili asubuhi nikapiga mlio mmoja. Wakaja Jemadari na Pilipili, mbio, wakikanyagana. Bi Mkubwa hakuja. Nikapiga tena. Nikapiga zaidi. Mwishowe nikakumbuka kwamba Bi Mkubwa ni kiziwi tangu mwaka juzi.

Mama Cherehani akachungulia juu ya ukuta na utepe wa kupimia shingoni. Ni jirani yangu wa upande wa jikoni, mshonaji, mjane pia, na kiherehere chake hakina likizo. Aliuliza kama kuna moto. Nikamjibu kwamba ni utaratibu wa ndani ya nyumba. Akasema sawa, Mwalimu, ila mteja wake ameruka akachomwa na pini. Nikamwambia mteja wake ajifunze kusimama wima.

Nilipogeuka, Jemadari alikuwa ameshamaliza bakuli la Pilipili na anajipangusa. Kengele imerudi kabatini.

Jioni nimekula kuku wa kuchemsha. Jemadari alikuwa na mimi. Kipaja ni kikubwa mno kwa mtu mmoja, kila mtu anajua hilo.

Jumatano, 5 Machi

Milango! Nilikuwa nawaza nini na makengele? Jemadari bafuni, Bi Mkubwa chumbani, Pilipili jikoni. Kila mmoja na bakuli lake, kila mlango umefungwa, nami koridoni na saa mkononi. Dakika ishirini na tano.

Nilisikia wote watatu wakitafuna. Nyumba ilikuwa imejaa, lakini kila aliyekuwamo alikuwa nyuma ya mlango. Nikajikuta naongea na swichi ya taa. Nikanyamaza.

Muda ulipoisha, mlango wa bafuni ukagoma. Kitasa kinazunguka, ulimi wa kufuli hautoki. Ndani Jemadari anapiga mayowe kana kwamba anachunwa ngozi. Nikatumia kisu, nikatumia kijiko, nikatumia bega. Bega linauma mpaka sasa. Ikabidi nimeze kiburi changu na kumwita Mama Cherehani, ambaye alikuja na bisibisi ndogo ya mashine yake, akakifungua kitasa kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kumweleza tatizo. Halafu akarudi nyuma haraka mpaka mlango wa nje, akasema atamwona paka kama yuko salama akiwa pale pale. Nikaona ajabu.

Akiondoka akasema kwamba yeye tangu watoto waondoke hajaweza kupika sufuria ndogo. Mkono wake haujui. Kila siku chakula kinabaki. Nikamwambia anunue sufuria ndogo. Akanitazama kidogo, akasema ataangalia.

Binti yangu alipiga simu jioni. Dakika nne. Aliuliza kama nakula vizuri na kama nakula peke yangu. Nikasema nakula na wenzangu. Alifurahi sana, akidhani ni watu. Sikumrekebisha.

Alhamisi, 6 Machi

Hesabu rahisi. Jemadari ana kilo saba na nusu. Kilo saba na nusu haziruki. Basi chakula cha wale wengine kiwe juu ya kabati la vyombo, naye abaki chini na punje zake. Mbona sikuliwaza hili tangu Jumatatu?

Tatizo dogo: Bi Mkubwa naye haruki, magoti. Nikamjengea ngazi kwa madaftari ya mahudhurio ya zamani, yale niliyokataa kuyatupa, na leo yameonyesha thamani yake. Daraja saba, zimekaa imara.

Wa kwanza kupanda ngazi ni Jemadari. Alipanda polepole, hatua kwa hatua, kama mkaguzi wa elimu anayekuja ofisini. Akala cha Bi Mkubwa. Akala cha Pilipili. Bi Mkubwa alibaki chini akala dawa ya Jemadari yote. Pilipili alikula jani la ua la dirishani, akatapika kwenye kiatu changu.

Kwa maneno mengine, kwa juhudi zangu mwenyewe nimefanikiwa kumpa kila paka asichotakiwa kula. Hata ningekusudia nisingeweza.

Jioni sikuwa na hamu ya kupika. Mayai mawili. Nilikula moja na nusu.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimefanya jambo la kiaskari. Nimekaa sakafuni katikati ya mabakuli matatu, miguu nimeinyoosha, ufagio mkononi. Jemadari akisogea kushoto, ufagio. Akisogea kulia, ufagio. Wote wamekula cha kwao. Wote! Nilitaka kumwambia mtu. Nilifika mpaka ukutani, nikarudi.

Lakini kuna jambo silielewi. Jemadari amekwenda kwenye beseni la mchanga mara kumi na moja tangu adhuhuri. Anachuchumaa, anakaza, matone mawili, anatoka. Nimehesabu. Kama anakula dawa tu, kwa nini hali inarudi nyuma?

Jibu ni moja. Mtu anamlisha.

Na nani anakaanga samaki kila jua likishuka kidogo, harufu ikavuka ukuta? Nani analalamika kwamba chakula kinabaki? Lo! Mwalimu mzima, ushahidi uko puani mwangu na nilikuwa nimelala. Nimenyunyiza unga juu ya ukuta wote, kuanzia tangi la maji mpaka kona. Jemadari akivuka, nyayo zitasema.

Jioni Jemadari alikuwa mnyonge sana mezani. Nikampa ngozi ya kuku yote, apate nguvu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekagua unga. Kuna alama mbili kubwa za duara, zimeachana sentimita arobaini. Zilinitia wasiwasi sana, mpaka nilipotazama viwiko vya shati langu. Ni pale nilipoegemea jana kuchungulia.

Hata hivyo mashaka hayakuniisha. Nikaandika barua rasmi.

YAH: KUMLISHA PAKA ASIYE WAKO. Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Nikaeleza hali ya mgonjwa, nikaeleza hatari, nikamtaka aache mara moja na athibitishe kwa maandishi. Nikapiga na muhuri wa zamani wa ofisi ya taaluma, si kwa ubaya, ila barua bila muhuri haina uso. Nikaipenyeza chini ya geti lake.

Baada ya nusu saa alikuja nayo mkononi. Nilijiandaa kwa vita, nimevaa na miwani ya kusomea. Hakugomba. Alisimama mbali na mlango, akaniambia taratibu kwamba yeye anaogopa paka tangu utotoni. Paka wa shangazi yake alimrukia usoni akiwa na miaka sita. Hajawahi kumgusa paka mpaka leo. Jemadari akikaa ukutani, yeye huanua nguo baadaye, akishaondoka.

Nikamwambia hayo ndiyo maneno ambayo mtu mwenye hatia angeyasema. Akasema huenda. Akauliza Jemadari anaendeleaje. Nikasema vibaya. Akasema pole, Mwalimu, na ilikuwa pole ya kweli. Nilifunga mlango haraka.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa bado nimevaa viatu.

Asubuhi nilimkuta Jemadari ndani ya beseni la mchanga. Anakaza, hakitoki kitu. Tumbo gumu. Alikuwa analia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya chini, ya kujificha. Nikampigia daktari. Akasema mlete sasa hivi, usisubiri hata chai.

Nilishindwa kufunga kikapu chake. Nikaita ukutani, sikumbuki nilisema nini. Mama Cherehani alikuja amevaa kanga na kandambili moja. Alikifunga kikapu. Teksi ilipofika akakaa nyuma, akakiweka kikapu mapajani kwake, akakishika kwa mikono miwili njia nzima. Macho alikuwa ameyafumba. Jasho linamtoka. Jemadari alitoa mkono kwenye tundu akamshika kidole, naye hakukiondoa.

Daktari alimpitishia mpira wa mkojo. Tulisubiri saa mbili kwenye benchi. Nilifikiri juu ya mke wangu, ambaye alinikabidhi paka hawa kwa majina, mmoja mmoja, akiwa kitandani, na mimi niliitikia kila jina kama ninayeitwa mahudhurio. Nikafikiri, Jemadari akifa, nitaitikia nini? Nililia kidogo. Mama Cherehani alikuwa anasoma tangazo la minyoo ukutani, akalisoma muda mrefu sana.

Daktari alitoka. Yu hai. Kisha akauliza tena kama kuna kitu kingine anachokula. Nikasema hakuna, nimemlinda kwa ufagio. Akachukua ile kadi, akaisoma.

"Mzee, jioni unakula na nani?"

"Na Jemadari."

"Na yeye anakula nini mkiwa mezani?"

"Ninachokula mimi," nikasema, kisha nikavua miwani.

Daktari aliweka kalamu chini. Mama Cherehani akarudi kwenye tangazo lake.

Hivyo mwizi nimempata. Ana miwani, ana muhuri, na ndiye anayeandika shajara hii. Daktari anasema safari nyingine kama hii anaweza asimwokoe. Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Jumatano, 12 Machi

Jemadari yuko nyumbani tangu jana. Amekonda, anakula punje zake, anakojoa vizuri. Nimekula kiapo: hataona tena chakula changu.

Jana nilikula stoo, nimesimama, mlango umefungwa, kati ya ndoo na pasi mbovu. Yeye alikaa nje akikwaruza mlango. Hakuwa anataka chakula, alikuwa ameshashiba. Nilijua alichotaka, kwa sababu na mimi nilikuwa nakitaka. Niliacha sahani nusu.

Leo nimejaribu kula bila kupika, mkate na chai, haraka, saa kumi. Umenikaa kifuani.

Mama Cherehani aliniita ukutani. Unga bado upo, aliupangusa kwa kitambaa kabla ya kuegemea. Akasema amefikiri sana juu ya jambo hili. Jemadari ale nyumbani kwangu, kwenye bakuli lake. Na mimi?

"Njoo ule kwangu, Mwalimu. Jioni. Kiti kipo, chakula kinabaki. Paka hatakuona, wewe utashiba, na mimi nitakuwa nimepikia mtu."

Sikujua pa kutazama. Nikasema nitamjulisha kwa maandishi. Akacheka kidogo, akasema basi Jumapili, na barua si lazima iwe na muhuri.

Alhamisi, 13 Machi

Nimelipima pendekezo kwa pande zote, kama tulivyokuwa tukipima mapendekezo ya bodi.

Faida: Jemadari atapona. Nitakula chakula cha moto. Si mbali.

Hasara: anaongea. Meza yake imejaa vitambaa. Huenda kuna pini kwenye wali. Nitavaa nini? Na je, tukishakaa, mimi nitasema nini? Nikiwa na Jemadari huwa nazungumza kuhusu watu wa barabarani, na jinsi bomba linavyovuja, na mke wangu. Mtu mzima mwenye akili zake utamwambia hayo? Atanijibu. Nisipojua la kurudisha, je?

Faida tatu, hasara nyingi. Lakini nimetoa shati la buluu kwenye sanduku nikalipiga pasi. Nimelitundika mlangoni. Nililitazama mara kwa mara, kisha nikalirudisha, kisha nikalitoa tena.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda kuchukua mfuko mpya wa punje. Daktari ana paka dume pale nyuma, wa kijivu, mwenyewe alihama akamwacha. Mzima wa afya. Hana mchanga, hana figo mbovu, anakula chochote. Alinitazama kupitia waya kwa utulivu mkubwa.

Nikasimama pale pale. Kumbe! Jambo hili nimeliona kichwa chini miguu juu tangu mwanzo!

Jumapili, 16 Machi

Nimetatua tatizo, na nimelitatua mwenyewe, bila kumsumbua mtu.

Tatizo halikuwa kwamba nina paka wengi. Tatizo ni kwamba sikuwa na paka wa mezani. Jemadari ni mgonjwa, Bi Mkubwa ni kiziwi, Pilipili hana subira. Alihitajika wa nne, mzima, mtu mzima, wa kukaa kwenye kiti na kula na mimi. Jemadari atafungiwa chumbani na punje zake, nami nitakula kama binadamu. Wa kijivu amefika jana. Nimempa jina la Mgeni Rasmi.

Daktari aliuliza mara tatu kama nina hakika. Nikamwonyesha ratiba mpya. Alisema hajawahi kuona kitu kama hicho, nami nikamshukuru.

Saa kumi na mbili nilikwenda ukutani kumwarifu Mama Cherehani kwamba sitaweza kuja leo, nina mgeni. Alikuwa amevaa gauni jipya la kijani, alilolishona mwenyewe bila shaka, na meza nyuma yake ilikuwa imeondolewa vitambaa vyote. Niliona sahani mbili. Akauliza mgeni gani. Nikamweleza.

"Haya, Mwalimu," akasema. Akaingia ndani.

Kisha nikapanga meza. Samaki mzima, wa kukaanga vizuri, sahani mbili, na shati la buluu nilikuwa nimelivaa kwa heshima ya siku. Nikambeba Mgeni Rasmi nikamkalisha kwenye kiti. Akanusa samaki. Akaninusa mimi. Akashuka, akaenda chumba cha pili, chini ya kitanda, na hajatoka.

Nikakaa. Nikamsimulia hata hivyo habari za bomba, kwa sauti ya juu kidogo ili zifike chini ya kitanda. Jemadari alilia mara moja chumbani, akaacha. Ng'ambo ya ukuta nilisikia mashine ya kushona inaanza, na huyo mama siku ya Jumapili hashoni kamwe. Sijui kimemsibu nini.

Samaki amepoa. Ni mkubwa mno kwa mtu mmoja. Kesho asubuhi nitampigia daktari nimuulize kama anaye mwingine, wa tano, anayependa mazungumzo.